Shoga, Somo na Wenzao: Urafiki wa Wanawake na Historia Tusiyoifundisha

Muhula uliopita tulikuwa tukifundisha msamiati wa mahusiano ya kijamii kwa wanafunzi wa mwaka wa pili. Tulipoandika ubaoni neno shoga, darasa zima liliangua kicheko. Kijana mmoja aliyekaa nyuma aliuliza kama neno hilo linaruhusiwa katika mtihani. Tukawaeleza kwamba katika Kiswahili cha pwani shoga ni jina ambalo mwanamke humwita mwanamke mwenzake aliye rafiki yake wa karibu, na kwamba akina mama wa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam wamelitumia hivyo kwa vizazi. Wengine waliandika, wengine waliendelea kutabasamu. Kwao hilo ni tusi la mitaani analorushiwa mwanamume, basi.

Hatuwalaumu sana. Sisi wa Uganda tulikipokea Kiswahili kwa njia yake. Kililetwa na misafara ya biashara, kisha kikakaa katika kambi za King's African Rifles, katika polisi na magereza. Wazazi wetu wengi walikisikia mara ya kwanza kinywani mwa mwanamume mwenye bunduki, na maneno yenyewe yalikuwa ya amri: simama, kaa chini, toa pesa. Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya kuwa lugha rasmi ya pili, lakini sheria haiwezi kuleta kile ambacho misafara na kambi hazikukibeba. Kiswahili cha wanawake, cha ngomani, cha uani na cha jikoni, kilibaki kulekule pwani. Ndiyo maana tunaye mwanafunzi anayechanganua sentensi changamano bila kosa, na bado hajui kwamba lugha anayoisoma ina safu nzima ya maneno ya urafiki wa wanawake, wala kwamba nyuma ya maneno hayo kuna historia iliyosaidia kuing'oa serikali ya kikoloni.

Tuchukue kwanza neno somo. Mwalimu hulitamka mara ishirini kwa siku bila kulifikiria. Somo ni lile linalofundishwa darasani, ndiyo. Lakini somo pia ni mtu mnayeitana jina moja, na tena ni mwanamke anayemfunda mwari: humweleza mambo ya mwili, ya usafi, ya ndoa na ya kuishi na watu. Kazi ya mwanamke huyo, ambaye pia huitwa kungwi, haikuisha siku mwari alipotolewa nje. Alimsindikiza katika harusi, aliitwa wakati wa uzazi, na kitumbua cha ndoa kilipoingia mchanga yeye ndiye aliyetafutwa usiku. Nao wari waliochezwa pamoja walitoka wakiwa na deni la kufaana ambalo waliendelea kulipana mpaka uzeeni.

Mambo haya si ya kubuni. Mwaka 1989 Sarah Mirza na Margaret Strobel walichapisha masimulizi ya maisha ya wanawake watatu wa Mombasa: Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy. Toleo la Kiswahili, Wanawake Watatu wa Kiswahili, lilitoka mwaka 1991. Tunakipendekeza kitabu hicho kwa kila mwalimu anayelalamika kwamba hana matini ya mazungumzo halisi. Humo wanawake wenyewe wanasema, kwa lahaja yao, juu ya harusi, ngoma, nasaba na ugomvi.

Ngoma iliyotawala mazungumzo ya wanawake wa wakati huo ni lelemama. Kwa wasioijua, ni ngoma ya kujipanga mstari, mavazi ya sare, mikono na mabega yakienda pamoja taratibu. Ilishamiri katika miji iliyokuwa ikibadilika haraka. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na ghafla wanawake waliokuwa watumwa, watoto wao, na waungwana waliokuwa wakiwamiliki walijikuta wakiishi mji mmoja bila kujua hasa nani akae wapi. Vyama vya lelemama vilikuwa mojawapo ya mahali ambapo jambo hilo lilianza kupatiwa jibu. Tusipambe: nasaba iliendelea kuhesabiwa, na si kila aliyetaka kuongoza aliongoza. Hata hivyo mtoto wa mtumwa aliyeimba vizuri na kulipa michango yake alipata wenzake, sare na mahali katika mstari.

Mombasa ilikuwa na vyama vilivyoshindana vikali, vikiwamo Ibinaal Watan na Banu Saada. Chama kimoja kikiandaa karamu, kingine kiliandaa iliyo kubwa zaidi. Nyimbo za kuchambana zilitungwa, bendera zikashonwa, fedha zikamwagwa, na wazee wa mji wakalalamika kwamba wanawake wanafilisi nyumba kwa ajili ya kushindana. Pengine walikuwa na haki kwa upande wa fedha. Kitu ambacho wazee hao hawakukiona ni kazi iliyofanyika kabla ya ngoma yenyewe. Kushinda kulihitaji viongozi waliokubalika, michango iliyokusanywa kwa wakati, siri iliyotunzwa na watu hamsini bila kuvuja, na uwezo wa kuwaita wanachama wote kwa saa chache. Aliyefiwa alizikiwa na chama, aliyejifungua alihudumiwa na chama. Upinzani wa nje ulikaza urafiki wa ndani.

Unguja nako vikundi vya wanawake vya taarabu vya miaka ya 1940 vilijiita Royal Navy na Royal Air Force. Wanafunzi wetu hucheka hapa pia, na safari hii tunacheka pamoja nao. Akina mama wa Ng'ambo wakijipa majina ya majeshi ya mfalme wa Uingereza ili wapigane kwa nyimbo! Lakini majina hayo yanaonyesha kwamba walijiona kuwa vikosi.

Sasa twende Dar es Salaam, maana huko ndiko kikosi cha namna hii kilikoingizwa katika siasa waziwazi. TANU ilianzishwa tarehe 7 Julai 1954, na waasisi 17 wanaotajwa katika vitabu vya shule ni wanaume watupu. Mwaka 1955 John Hatch wa Chama cha Labour cha Uingereza alitembelea mji huo na kuwauliza viongozi habari za wanawake katika chama chao. Katika kutafuta jibu, viongozi wakamwendea Bi Titi Mohamed. Alikuwa amezaliwa mjini humo mwaka 1926, hakuwa na elimu kubwa ya shule, hakuwahi kuhutubia mkutano wa siasa. Alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, na mji ulimjua kwa sauti yake. Pamoja naye alikuwa Tatu binti Mzee.

Je, mwimbaji hufanya nini anapoambiwa aandikishe wanawake katika chama cha siasa? Bi Titi aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma. Kila kiongozi alikuwa na watu wake, na kila mmoja wa watu hao alikuwa na mashoga zake, jirani zake na wari aliowafunda. Habari ya mkutano ikatembea kwa njia ileile iliyokuwa ikipeleka habari ya harusi. Mwezi Oktoba mwaka huohuo Oscar Kambona, katibu wa TANU, aliandika Uingereza kuarifu kwamba Bi Titi alikuwa amekwisha kuandikisha wanawake 5,000. Hiyo ilikuwa kazi ya miezi mitatu hivi, bila gari na bila redio.

Mwanahistoria Susan Geiger, aliyewahoji wengi wa wanawake hao na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 1997, anaeleza mambo mawili ambayo walimu wa lugha tunapaswa kuyazingatia. La kwanza ni riziki. Watumishi wa serikali walikuwa wamekatazwa kuingia katika siasa, hivyo wanaume wengi wasomi walikuwa na cha kupoteza. Wanawake wa ngoma wengi walikuwa watu wazima, aghalabu waliokwisha kuachika, wakiishi kwa kukaanga samaki, kupika maandazi na kutengeneza pombe. Hawakuwa na mwajiri wa kuwafukuza. Kadi ziliuzwa na kufichwa nyumbani mwao, na wageni wa chama walikula na kulala humo.

La pili ni lugha. Vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam havikuwa vya kabila moja. Mwanamke wa Kizaramo, wa Kimanyema, wa Kinyamwezi na wa Kiyao walisimama mstari mmoja, wakaimba Kiswahili. Geiger anashikilia kwamba utaifa ambao TANU ilikuwa ikiuhubiri majukwaani, wanawake hawa walikuwa wakiuishi tayari. Sisi tunakubaliana naye, na tunaongeza kwamba Kiswahili chao cha kuitana shoga na mwenzangu ndicho kilichowawezesha kuuishi. Tunapowafundisha wanafunzi kwamba Kiswahili kiliunganisha Tanganyika, huwa tunataja hotuba na magazeti. Hatutaji uani.

Tulipokuwa Dar es Salaam kwa masomo ya uzamili, tulikisoma kitabu hicho maktabani mchana na jioni tukayaona mambo yake kwa macho. Tulipanga chumba Magomeni. Mama mwenye nyumba alikuwa na shoga yake mtaa wa pili, wamechezwa unyago mwaka mmoja, wananunua kanga doti moja na kugawana. Mchana walikuwa wakigombana kwa mambo madogo mno, hadi sisi wapangaji tukadhani wamekosana kweli. Kisha mzee mwenye nyumba akafariki usiku wa manane. Kabla ya alfajiri shoga huyo alikuwa ameingia na kuzifunga funguo za nyumba kwenye upindo wa kanga yake. Alijua sukari iko wapi, alijua nani anadaiwa na nani anadai. Mama mwenye nyumba alipotaka kuinuka kupokea wageni, mwenzake alimkalisha. "Shoga, wewe lia. Mengine niachie mimi." Zamu yake ya upatu ilikuwa wiki ile, naye aliitoa yote kulipia matanga. Hatukuwahi kusikia habari ya kurudishwa.

Tungependa kusema kwamba urafiki wa namna hii hushinda kila kitu, lakini maisha ya Bi Titi hayaturuhusu. Baada ya uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961 aliongoza Umoja wa Wanawake wa Tanganyika ulioundwa mwaka 1962, akawa mbunge, kisha akapoteza kiti chake mwaka 1965. Alitofautiana na masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, hasa lile la viongozi kutomiliki nyumba za kupangisha. Mwaka 1969 alikamatwa, akashtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha. Alipoachiliwa kwa msamaha mwaka 1972 mumewe alikuwa amekwisha kumpa talaka, na wengi wa marafiki zake wa siasa walijitenga naye. Hofu ya dola ni kitu kizito. Mtu aliyeweza kuita wanawake 5,000 alikaa miaka mingi bila kutajwa, mpaka sherehe za miaka 30 ya uhuru mwaka 1991 alipoanza tena kuitwa shujaa. Alifariki mwezi Novemba mwaka 2000 akiwa matibabuni Johannesburg. Barabara kubwa ya katikati ya Dar es Salaam ina jina lake, na tuliipita kila siku kwa daladala kabla hatujajua kwamba mwenye jina alianza kama mwimbaji wa ngoma.

Pendekezo letu kwa idara ni dogo. Katika kozi ya historia ya Kiswahili tuna wiki tatu za misafara, wamisionari na usanifishaji wa mwaka 1930 na baadaye. Wiki moja itolewe kwa lelemama, unyago na wanawake wa TANU. Wapo watakaosema hiyo ni kozi ya jinsia, si ya lugha. Tutawajibu kwamba wakati kamati inasanifisha tahajia, wanawake hawa walikuwa wakiisambaza lugha yenyewe, na kwamba mwanafunzi asiyejua somo ni nani hajamaliza kusoma.

Turudi darasani. Baada ya kicheko kutulia siku ile, binti mmoja aliinua mkono. Akasema mama yake hapa Kampala ana wenzake wa nigiina, wanaotembeleana kwa zamu kupeana vyombo na fedha, na kwamba mmoja wao ndiye aliyemlipia yeye karo ya muhula wa kwanza baba yake alipougua. "Mwalimu, na hao ni mashoga wa mama?" Tukamjibu kwamba ndiyo, kwa Kiswahili cha pwani ni mashoga zake hasa. Wawili watatu walicheka tena. Yeye akaliandika neno, akalipigia mstari, nasi tukaendelea na neno lililofuata, ambalo lilikuwa jirani.