Mapatano Kwanza, Imani Baadaye

Wako watu wengi kwetu wanaoamini kwamba kuandikiana ni dalili ya kutoaminiana. Ukimkopesha ndugu yako fedha, kisha ukamwambia, "Haya, tuandikiane," hukunja uso na kukuuliza, "Kwani hunijui?" Kwa fikira hizo, imani hutangulia na karatasi hufuata, na palipo na imani ya kweli karatasi haina kazi tena. Mimi kwa muda mrefu nimeyaona mambo kinyume cha hivyo. Katika kurasa hizi nataka kueleza sababu zangu kwa kisa kimoja cha historia ambacho nimekisoma na kukirudia mara nyingi: jinsi Wamarekani na Warusi walivyokutanisha vyombo vyao angani mwezi Julai 1975. Nasema Warusi, kama tulivyozoea kuwaita watu wote wa Urusi ya Kisovieti wa siku zile.

Msomaji anaweza kushangaa kwa nini niende mbali kiasi hicho kutafuta mfano wa mambo yaliyo uani kwetu. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu pale mwanzoni hapakuwa na imani hata chembe. Anayetaka kujua moto huwashwaje na amtazame anayeanza na jiko baridi.

Jiko hilo lilikuwa baridi kweli. Tangu Warusi waliporusha Sputnik tarehe 4 Oktoba 1957, na Yuri Gagarin alipoizunguka dunia tarehe 12 Aprili 1961, mpaka Wamarekani walipotua mwezini Julai 1969, kazi ya anga ilikuwa mashindano, tena mashindano ya watu waliokuwa wameelekezeana makombora. Warusi walificha hata jina la Sergei Korolev, mkuu wa wahandisi wao. Ulimwengu ulilijua alipofariki Januari 1966. Utamwaminije mwenzako wa kazi ambaye hata jina lake hulijui?

Kilichowasogeza karibu kwanza ni hatari, wala si mapenzi. Mwezi Aprili 1970 tangi la oksijeni lililipuka katika chombo cha Apollo 13 kikiwa njiani kwenda mwezini. Wanaanga watatu walirudi salama kwa shida kubwa, na dunia nzima ikatambua kwamba mtu akikwama kule juu hakuna jirani wa kumpigia hodi. Hata kama chombo cha Kirusi kingekuwa karibu, kisingeweza kuungana na cha Kimarekani, kwa maana milango yao haikuoana. Mwezi Oktoba mwaka huohuo wajumbe wa Marekani, wakiongozwa na Robert Gilruth, walikwenda Moscow kuzungumzia jambo hilo.

Kilichonivutia katika mkutano ule ni yale ambayo hawakuyafanya. Hawakuanza kwa kuulizana nani alianza ugomvi, wala hawakutoa hotuba ndefu za urafiki na kuondoka. Waliigawa kazi, wakaunda vikundi vitatu vya kazi (baadaye vikawa vitano), kila kikundi kikiwa na watu wa pande zote mbili na shughuli yake iliyotajwa wazi. Mapatano makubwa, yaliyotiwa saini na Rais Nixon na Waziri Mkuu Kosygin mjini Moscow, yalikuja tarehe 24 Mei 1972. Ndiyo kusema wakubwa walitia saini juu ya msingi ambao wahandisi walikuwa wameuchimba kwa mwaka mmoja na nusu. Wakurugenzi wa kiufundi walikuwa Glynn Lunney kwa Wamarekani, aliyezaliwa 1936, na Konstantin Bushuyev kwa Warusi, aliyezaliwa 1914. Kwa umri mmoja angeweza kuwa baba wa mwenzake.

Sasa tutazame waliandikiana nini, maana hapo ndipo penye somo.

La kwanza lilikuwa mlango. Mitambo ya kuunganishia vyombo iliyokuwapo ilifanya kazi mithili ya bolti na nati: mmoja huingia na mwingine hupokea. Ungeamua vipi taifa gani liwe bolti na lipi liwe nati? Walikubaliana kubuni mtambo mpya ambao pande zake mbili zinafanana, kila upande ukiwa na pete yenye vipande vitatu vya kuelekeza, na upande wowote unaweza kuwa mtendaji au mpokeaji. Kwa upande wa Urusi kazi hiyo iliongozwa na Vladimir Syromyatnikov. Kisha wakaandika vipimo vya pale tu nyuso mbili zinapokutana. Ndani ya mtambo kila mtu alikuwa huru: Wamarekani walipunguza kishindo cha kugusana kwa nguvu ya majimaji, Warusi kwa mitambo ya umeme. Hakuna aliyeingilia jiko la mwenzake. Waliyoyaandika yalihusu kizingiti, na kizingiti hicho walikipima kwa uangalifu mkubwa.

La pili lilikuwa hewa. Katika Apollo watu walivuta oksijeni tupu, kwa mgandamizo wa theluthi moja hivi ya ule tulio nao hapa duniani. Katika Soyuz walivuta hewa ya kawaida kwa mgandamizo wa kawaida. Mtu akitoka Soyuz na kuingia Apollo moja kwa moja, damu yake ingeweza kufanya mapovu kama ya mzamiaji anayeibuka kwa haraka. Hapa kila upande ulitoa kitu. Wamarekani walijenga chumba cha kati cha kubadilishia hewa na kukibeba kwa roketi yao. Warusi walikubali kushusha mgandamizo wa Soyuz hadi theluthi mbili hivi wakati vyombo vikiwa vimeungana, na wakawashonea watu wao nguo za kitambaa kisichoshika moto kwa urahisi, kwa kuwa oksijeni tupu huchochea moto.

La tatu lilikuwa lugha. Baada ya kujaribu, waliona ni afadhali Mmarekani aseme Kirusi na Mrusi aseme Kiingereza. Anayesema lugha ya mgeni husema polepole na kuchagua maneno rahisi, na anayesikiliza husikia lugha ya mama yake. Alexei Leonov alikuwa akitania kwamba safarini kulikuwa na lugha tatu: Kirusi, Kiingereza na "Kioklahoma", kwa sababu ya lafudhi ya kamanda wa Wamarekani, Thomas Stafford, mzaliwa wa Oklahoma. Watu wanaotaniana hivyo wamekwisha kuvuka mto.

La nne linaonekana dogo kuliko yote: waliandika namna ya kuwasiliana. Pangekuwa na mazungumzo ya mara kwa mara kwa simu na teleksi, kumbukumbu za mikutano zitiwe saini, hati ziwe katika lugha zote mbili, na kila kazi iwe na tarehe yake. Mtu wa Houston alijua atamwuliza nani Moscow, na alijua jibu latakiwa lini.

Nasita kidogo hapa kutaja jambo la maisha yangu, kwa kuwa ndilo lililonifanya niielewe hiyo nukta ya nne. Nilipata kufanya kazi katika kiwanda kimoja cha uchapaji, ambacho sitakitaja jina. Wapanga herufi na wachapaji walikuwa hawaelewani kabisa. Wachapaji walilalamika kwamba kurasa huletwa zimechelewa tena zina makosa. Wapanga herufi walisema kwamba kurasa zilizotoka kwao zikiwa safi huharibiwa mtamboni. Meneja aliitisha vikao vya upatanishi, watu wakashikana mikono, wakanywa soda, na baada ya wiki ugomvi ukarudi palepale. Dawa ilipatikana kwa mzee mmoja wa zamu ya usiku aliyeleta daftari. Kila ukurasa ulipovuka kutoka chumba kimoja kwenda kingine, saa iliandikwa, hali ya prufu iliandikwa, na wawili walitia sahihi. Miezi mitatu haikupita, lawama zikapungua. Baadaye nilisikia mchapaji akimtetea mpanga herufi mbele ya mteja: "Huyu akisema saa nne, ni saa nne." Maneno hayo yalizaliwa katika lile daftari. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami naongeza kwamba hata imani ni mali.

Turudi kwa wanaanga. Mapatano hujaribiwa siku ya swali gumu. Tarehe 30 Juni 1971, mazungumzo yakiwa yameshaanza, Warusi watatu wa Soyuz 11, Dobrovolsky, Volkov na Patsayev, walikufa wakirudi duniani, baada ya vali moja kufunguka mapema na hewa yao yote kutoroka. Wamarekani walikuwa na msiba wao pia: Grissom, White na Chaffee waliungua katika chombo cha Apollo kilichokuwa kwenye majaribio hapa chini tarehe 27 Januari 1967. Kila upande ulikuwa na haki ya kumwuliza mwenzake, "Je, watu wangu watakuwa salama ndani ya nyumba yako?" Kati ya watu wasio na mapatano swali hilo ni tusi. Kati yao lilikuwa sehemu ya kazi, kwa sababu walikuwa wameafikiana kuandikiana taarifa za usalama. Warusi walieleza kilichowapata. Na tarehe 5 Aprili 1975, miezi mitatu tu kabla ya safari, roketi iliyobeba Soyuz nyingine ilipoharibika njiani na wanaanga wawili wakanusurika, waliwaarifu Wamarekani. Mwezi huohuo wanaanga wa Marekani walifika Baikonur, uwanja wa kurushia roketi ambao hakuna mwanaanga wa Kimarekani aliyewahi kuukanyaga kabla yao.

Safari yenyewe ilianza tarehe 15 Julai 1975. Soyuz, yenye Leonov na Valery Kubasov, iliruka saa tisa na dakika ishirini alasiri kwa saa za Afrika Mashariki, na Apollo, yenye Stafford, Vance Brand na Deke Slayton, iliifuata saa saba na nusu baadaye. Jioni ya tarehe 17 vyombo viliungana, na saa tatu hivi baadaye makamanda wawili walipeana mikono mlangoni. Vilikaa pamoja karibu siku mbili. Walipoachana tarehe 19 waliungana tena mara moja, na safari hii mtambo wa Soyuz ndio uliokuwa mtendaji, kama ilivyoandikwa.

Kuna jambo moja la mwisho wa safari ambalo hunifikirisha sana. Warusi walitua salama tarehe 21. Wamarekani walipokuwa wakishuka tarehe 24, kulikuwa na kelele katika vyombo vyao vya kusikilizia, swichi za kutulia hazikuwashwa kwa wakati, na gesi ya sumu ikaingia chumbani. Brand alipoteza fahamu kwa muda, na wote watatu wakalazwa hospitali kabla ya kupona. Hatari kubwa ya safari nzima haikutokea pale mpakani kati ya timu mbili, ambapo kila mtu alikuwa macho na kila neno lilikuwa limeandikwa. Ilitokea ndani ya chumba kimoja, kati ya watu wa lugha moja na bendera moja. Mara ngapi tumelinda sana makubaliano na wageni, tukaacha yale ya nyumbani yaende kwa mazoea tu?

Nitakuwa sijasema kweli yote nikimwacha msomaji afikiri kwamba karatasi ile ilileta amani. Haikuleta. Mapatano ya 1972 yaliongezwa muda 1977, na 1982 Marekani iliyaacha yaishe kwa sababu ya ugomvi juu ya Poland. Mpango wa safari nyingine ya pamoja ulikufa. Lakini vitu viwili havikufa. Cha kwanza ni watu waliojuana kwa kazi. Cha pili ni ule mtambo usio na bolti wala nati: tarehe 29 Juni 1995, miaka ishirini baadaye, chombo cha Marekani Atlantis kilipoungana na kituo cha Kirusi cha Mir, kiliungana kwa mtambo wa ukoo uleule wa Syromyatnikov. Ukoo huohuo uliunganisha sehemu mbili za kwanza za Kituo cha Kimataifa cha Anga, Zarya ya Warusi na Unity ya Wamarekani, Desemba 1998, na tangu tarehe 2 Novemba 2000 kituo hicho hakijakaa bila watu. Hata baada ya Urusi kuivamia Ukraine mwaka 2022, mashirika ya anga ya nchi hizi mbili yalitia saini, Julai mwaka huohuo, mapatano ya kubadilishana viti, na mwezi Septemba Mmarekani akaruka kwa Soyuz.

Ndiyo maana siamini kwamba kuandikiana ni kutukanana. Mapatano mema hayamwombi mtu ampende mwenzake leo. Humwomba atimize jambo dogo kufikia Ijumaa, kisha jingine kufikia Ijumaa ijayo, na yote mawili yaonekane wazi kwa wote. Ahadi kama hizo zikitimizwa nyingi, siku moja mtu hujikuta anamwamini mwenzake bila kukumbuka alianza lini. Ndugu anayekunja uso kwa sababu ya karatasi ningependa aelezwe hivyo kwa upole, kabla kalamu haijatolewa: tunaandikiana ili mwakani tuwe bado tunasalimiana.