MASHINE PEPE INAKOKOTA? PUNGUZA SAFARI ZA DATA

Leo naweka hapa jibu la swali ambalo vijana wenzangu wa kafe wananiuliza kila siku: "Nimeweka Linux ndani ya Windows, mbona kunakili faili dogo tu kunachukua karne?" Wengi wakifika hapo wanasema kompyuta ni mbovu, wanafuta kila kitu, na habari ya kujifunza kazi ya seva inaishia hapo hapo. Inauma, maana kwa sisi tuliomaliza fomu foo na hatuna seva nyumbani, mashine pepe ndiyo maabara yetu. Na ukiwa kafe, kila dakika ya kusubiri unailipia.

Haya, twende taratibu.

MANENO KWANZA

Mashine pepe ni kompyuta iliyotengenezwa na programu, inakaa ndani ya kompyuta halisi. Kompyuta halisi tunaiita mwenyeji, ile ya ndani tunaiita mgeni. Programu zinazofanya kazi hii ni kama VMware, VirtualBox, na QEMU ambayo Fabrice Bellard aliitoa mwaka 2003. Mwaka 2007 Linux ikapata KVM, ambayo inaiwezesha QEMU kutumia uwezo wa prosesa yenyewe badala ya kuigiza kila kitu.

Mgeni anahitaji diski na kadi ya mtandao. Hana. Kwa hiyo programu inamwigizia, inajifanya kadi ya zamani kama RTL8139 ya Realtek au e1000 ya Intel, au diski ya IDE. Mgeni anaamini ni vifaa vya kweli na anatumia draiva zake za kawaida. Uzuri wake ni kwamba karibu kila mfumo unakubali bila kuhangaika. Ubaya wake ni mwendo.

KWA NINI INAKOKOTA

Kila mgeni anapogusa kifaa cha kuigiza, prosesa inamsimamisha, inahifadhi alipofikia, inampa mwenyeji kazi, mwenyeji anajibu, halafu mgeni anaendelea. Hiyo ni safari moja. Moja haina shida. Shida ni wingi.

Chukua diski ya IDE kwa njia yake ya kizamani, ambapo prosesa yenyewe inachota data. Inachota baiti 2 kwa mara moja, na sekta moja ina baiti 512, kwa hiyo ni michoto 256 kwa sekta. Faili la MB 700 lina sekta 1,433,600. Zidisha mwenyewe: zaidi ya michoto milioni 367! Kama kila mchoto ungekuwa safari yake, ni sawa na kumtuma mtoto dukani alete kilo ya sukari kijiko kimoja kimoja. Duka liko karibu na mtoto ana mbio, lakini jioni itamkuta njiani.

Kwa hiyo dawa zote zinafanya kitu kimoja: zinapunguza safari.

DAWA ZILIVYOKUJA

1. DMA. Mgeni anataja tu data iwekwe wapi kwenye memori yake. Mwenyeji anamwaga fungu zima pale, kisha anapiga kengele mara moja. Ndiyo maana ukiona diski ya mgeni inatumia njia ya kizamani, hilo ndilo la kwanza kurekebisha.

2. Virtio. Hii aliianzisha Rusty Russell, na draiva zake zimo ndani ya Linux tangu 2008. Hapa mgeni haigiziwi kadi ya mtu yeyote. Anajua kabisa yuko ndani ya mashine pepe, na yeye na mwenyeji wanatumia foleni moja iliyo kwenye memori wanayoiona wote wawili. Mgeni anapanga maombi mengi, anagonga mlango mara moja, mwenyeji anayashughulikia yote kwa pamoja. Baadaye virtio ikawa kiwango cha OASIS.

3. Vhost. Tangu Linux 2.6.34 ya mwaka 2010, pakiti za mtandao zinaweza kuhudumiwa na kerneli ya mwenyeji moja kwa moja bila kupitia QEMU. Kituo kimoja kimeondolewa njiani.

4. Kumpa mgeni kadi halisi awe nayo peke yake. Hii ina kasi sana, ila inataka prosesa na ubao unaokubali, na mwenyeji anaikosa hiyo kadi. Kwa mashine za kafe, sahau.

UFANYE NINI LEO

Kwanza hakikisha VT-x au AMD-V imewashwa kwenye BIOS. Kama kompyuta si yako, muombe mwenye kafe, usijifungulie mwenyewe.

Ukiwa na VirtualBox: zima mgeni, ingia kwenye mipangilio ya mtandao, sehemu ya aina ya adapta chagua ile yenye jina virtio-net. Diski iweke kwenye SATA badala ya IDE. Kuhusu flashi, angalia usiwe umeachia USB 1.1, kwani kikomo chake ni megabiti 12 kwa sekunde, yaani baiti milioni moja na nusu hivi. Chagua USB 2.0 au 3.0, au tumia folda ya pamoja baada ya kuweka Guest Additions.

Ukiwa na QEMU kwenye Linux, amri ni hii:

qemu-system-x86_64 -enable-kvm -m 1024 -drive file=linux.qcow2,if=virtio -nic user,model=virtio-net-pci

Mgeni akiwaka, andika lspci. Ukiona neno Virtio, umefanikiwa. Diski nayo itaitwa /dev/vda badala ya /dev/sda.

ANGALIZO KWA WA WINDOWS

Mgeni akiwa Windows, draiva za virtio haji nazo. Ukihamisha diski yenye mfumo kwenda virtio kabla ya draiva, utaishia kwenye skrini ya bluu. Fanya hivi: ongeza diski ndogo ya pili ya virtio, washa, weka draiva kutoka CD ya virtio-win, zima, ndipo uhamishe diski kubwa. Na kabla ya yote, nakili faili la mashine yako pembeni.

Jambo la mwisho: virtio haifanyi miujiza. Kama hadi diski ya mwenyeji imechoka, au memori imejaa mpaka kompyuta inahema, kupunguza safari hakutasaidia sana. Pima kabla na baada kwa kunakili faili lile lile, andika dakika kwenye karatasi, ndipo useme imepona au bado.

Aliyejaribu aweke hapo chini alipata dakika ngapi kabla na ngapi baada, pamoja na aina ya kompyuta yake, ili mwingine mwenye mashine kama hiyo asianzie sifuri. Tuko pamoja wadau.