Swali na Mpango wa Utafiti: Historia Fupi ya Uchunguzi wa Lugha Nchini Kenya na Tatizo la Kamakis

Mwaka 1976 kamati ya elimu iliyoongozwa na Bwana Gachathi ilipendekeza kwamba katika madarasa matatu ya mwanzo ya shule za msingi nchini Kenya, mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo la shule yake. Pendekezo hilo halijafa. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa mwaka 2019, umelirithi. Mahali ambapo takriban wakazi wote ni wa lugha moja, agizo hili halina utata. Lakini huko Kamakis, katika mji wa Ruiru, swali dogo huwa zito: lugha ya eneo hili ni ipi? Jibu lake ndilo linaloamua mtoto ajifunze kusoma kwa lugha gani. Yafaa basi kuchunguza jinsi jibu kama hilo linavyopatikana, kwani mpango wa utafiti usiolingana na swali huweza kuleta takwimu nyingi na maarifa machache.

Kamakis iko kando ya barabara ya Eastern Bypass, karibu na inapokutana na barabara kuu ya Nairobi na Thika. Wakati wa ukoloni, nchi ya Ruiru na Thika ilikuwa na mashamba makubwa ya walowezi ya kahawa na mkonge. Barabara ya Thika ilipopanuliwa na kuzinduliwa mwaka 2012, ujenzi wa nyumba za kupangisha uliongezeka, na watu wa asili mbalimbali wakahamia. Siku hizi Kamakis yajulikana kwa nyama choma, na mezani Kikuyu, Kiswahili, Kiingereza na Sheng huweza kusikika katika mazungumzo yale yale.

Uchunguzi mkubwa wa kwanza wa matumizi ya lugha katika nchi hizi ulianza mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa Ford Foundation. Ulihusu Kenya, Uganda, Tanzania, Ethiopia na Zambia. Kitabu kilichohusu Kenya, Language in Kenya, kilihaririwa na W. H. Whiteley, nacho kilitoka mwaka 1974, baada ya kifo chake. Ndani ya kitabu hicho mna mipango miwili tofauti ya utafiti. Whiteley mwenyewe alipoandika juu ya sehemu za mashambani, na T. P. Gorman juu ya wanafunzi na wazazi wao, walitegemea hasa majibu ya watu walioulizwa: wanajua lugha zipi, na huzitumia na nani. David Parkin, ambaye ni mwanaanthropolojia, alifanya kazi katika mitaa ya Kaloleni na Bahati, Nairobi. Yeye, pamoja na kuuliza, alisikiliza jinsi watu wanavyohama kutoka lugha moja hadi nyingine wanapozungumza.

Ni kosa kuuliza ni nani kati yao aliyekuwa na mpango bora. Anayetaka kujua ni watu wangapi wanaosema kwamba wanajua Kiswahili, hana budi kutumia hojaji na sampuli pana. Anayetaka kujua kwa nini muuzaji sokoni anaacha Kikuyu na kushika Kiswahili mbele ya mteja fulani, hojaji haitamfaa, kwa kuwa muuzaji huyo huenda hakumbuki kwamba alibadili lugha. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Hata hivyo, yako mambo ambayo msemaji hawezi kuyajibu kwa sababu huyafanya bila kuyafikiria. William Labov alitambua hayo huko New York mwaka 1962. Ili asikie matamshi ya wauzaji wa maduka bila ya wao kujirekebisha, aliwauliza tu bidhaa fulani iko wapi, akijua kwamba jibu ni ghorofa ya nne. Alipata wasemaji 264.

Ruiru yenyewe ina mfano wa mpango wa namna ya tatu. Mwaka 1985 watafiti wa kahawa wa hapo walitoa aina iitwayo Ruiru 11, yenye ukinzani dhidi ya chulebuni, yaani ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa, na dhidi ya kutu ya majani. Katika majaribio ya mimea, mtafiti ndiye anayeamua mche upi upandwe wapi. Hurudia vitalu, kisha hulinganisha. Kanuni hizo zilielezwa na R. A. Fisher katika kitabu chake cha mwaka 1935. Mtafiti wa lugha hana uwezo huo. Akilinganisha shule inayofundisha kwa Kikuyu na nyingine inayofundisha kwa Kiswahili, asisahau kwamba watoto hawakugawanywa kwa kura. Kipato cha wazazi, elimu yao na muda waliokaa mtaani huenda ndivyo vilivyoleta tofauti anayoihesabia lugha.

Liko pia tatizo la wakati. Vijana wa Kamakis wakionekana kutumia Sheng kuliko wazee, mtu huweza kuamua haraka kwamba lugha za wazazi zinakufa. Lakini tofauti ya rika iliyopimwa mara moja ina maelezo mawili: ama jamii inabadilika, ama kila kizazi husema hivyo ujanani na kuacha utu uzimani. Ili kutenganisha mambo hayo, lazima mtafiti arudi kwa watu wale wale, au kwa mtaa ule ule, baada ya miaka.

Kwa hiyo swali la lugha ya eneo lina maswali matatu ndani yake. Watoto wanaoingia darasa la kwanza wanaelewa lugha ipi? Hilo lapimwa kwa kuwasikiliza na kuwajaribu watoto wenyewe, wala si kwa kuwauliza wazazi peke yao. Wazazi wanataka lugha ipi? Hapo hojaji inafaa. Na mtaa unaelekea wapi? Hilo linataka uchunguzi wa kurudiwa. Kutumia jibu la swali la pili kuamua la kwanza ni kumpa mtoto lugha inayotamaniwa na wazazi wake badala ya ile anayoielewa.