Muda Uliokatika

Kabla sijavuka bahari kwenda kusoma, nilikuwa karani wa muda katika kiwanda kimoja cha nguo mjini Dar es Salaam. Kazi yangu ilikuwa kuandika daftarini kila mtambo wa kufumia uliposimama na ulipoanza tena. Uzi ukikatika, naandika. Umeme ukikatika, naandika. Mwisho wa mwezi daftari lilikwenda kwa mhasibu, na dakika zote nilizoziandika zikapunguzwa katika malipo ya nyongeza ya mfumaji, kana kwamba ni yeye aliyeuzima umeme. Namkumbuka dada mmoja aliyenijia dirishani na bahasha yake mkononi. Akaniuliza, "Kaka, mimi nilikuwa nimesimama pale pale mbele ya mtambo. Sasa hizo saa zangu zimekwenda wapi?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia aende kwa msimamizi. Na msimamizi, kama ilivyokuwa desturi, akamrudisha kwangu.

Swali lile nililikuta tena, bila kulitazamia, kiwanjani, kaskazini mwa Uingereza.

Mwaka 1983 nilifika Leeds kusomea ufundi wa nguo. Nilipanga chumba kwa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya machimbo ya makaa ya mawe, mzaliwa wa Wakefield. Jumapili alinichukua kutazama raga. Si raga ile wanayoijua watu wa Nairobi, ya wachezaji 15, bali ndugu yake, ya wachezaji 13, iitwayo raga ya ligi. Huchezwa dakika 80, nusu mbili za dakika 40, na pale nilipokwenda mimi mwisho wake ulitangazwa kwa king'ora. Mara ya kwanza kilipolia nilishtuka, nikadhani zamu imekwisha.

Wala sikukosea sana. Mchezo huo ulizaliwa kwa ugomvi wa saa za kazi. Wachezaji wa Yorkshire na Lancashire walikuwa watu wa viwandani na machimboni, na siku ya mechi ilikuwa Jumamosi, ambayo nusu yake ilikuwa ya kazi. Aliyesafiri kwenda kucheza mbali alipoteza ujira. Klabu za kaskazini zikaomba ruhusa ya kumfidia. Mwaka 1893 wakuu wa raga, wengi wao waungwana wasiojua maana ya kukatwa mshahara, walikataa. Tarehe 29 Agosti 1895 klabu hizo zikakutana katika George Hotel, mjini Huddersfield, zikajitenga na kuunda chama chao, na fidia ikawekwa shilingi 6 kwa siku. Jina la malipo hayo, nikilileta katika Kiswahili, ni malipo ya muda uliokatika. Nilipolisikia kwa mara ya kwanza nilimwomba mzee alirudie.

Basi ungetarajia kwamba watu wa asili hiyo wangeilinda saa ya mchezo kwa wivu. Hawakufanya hivyo mara moja. Mwaka 1906 walipunguza wachezaji kuwa 13, na aliyeangushwa akaruhusiwa kuinuka na kuuchezesha mpira nyuma kwa mguu. Utaratibu huo uliuchangamsha mchezo, lakini ulikuwa na tundu: timu iliyotangulia kwa pointi iliweza kuushika mpira, kuangushwa, kuinuka, kuangushwa tena, huku saa ikienda. Dawa ilipatikana mwaka 1966. Timu ikaruhusiwa kuangushwa mara nne tu kisha iuachie mpira. Mwaka 1972 zikawa sita. Saa haikuguswa. Walichofanya ni kumhesabia aliyekuwa akiitumia.

Yakabaki mapumziko yenyewe: majeruhi, kujipanga kwa skramu, mikwaju ya goli. Sheria inasema muda uliopotea kwa sababu yoyote ufidiwe, na mwamuzi au mtunza saa ndiye apimaye. Hapo ndipo mimi na mzee tulipogombana, kwa heshima, karibu kila Jumapili jioni. Yeye alitaka saa isimame kila mpira unapokufa. "Nimelipia dakika 80, kijana wangu," alikuwa akisema, "sikulipia mtu afunge kamba za viatu."

Alikuwa na kidonda chake. Alikuwapo Wembley tarehe 11 Mei 1968, kiwanja kimefurika maji ya mvua, Leeds wakiongoza 11 kwa 7. Sekunde za mwisho kabisa Wakefield Trinity walifunga, ikawa 11 kwa 10, na ukabaki mkwaju mmoja wa pointi 2, mbele ya nguzo. Mkwaju wa namna hiyo lazima upigwe hata kama muda umekwisha. Don Fox, ambaye siku hiyo alichaguliwa mchezaji bora, akaukosa. Mzee hakumlaumu kamwe. Alisema, "Walau saa ilimngoja."

Mimi nilipinga. Daftari langu lilikuwa limenifundisha kuiogopa saa iliyosimama. Niliijua kuwa ni silaha ya mwenye kiwanda. Tena niliwatazama Wamarekani na mpira wao, ambao dakika 60 huchukua karibu saa tatu, nikaona hayo siyo maisha ya mtu anayewahi basi la mwisho. Ilinichukua miezi kugundua kwamba tulikuwa tukilalamikia kitu kimoja. Kiwandani saa ilisimama, na aliyeumia ni yule asiyeisimamisha. Kiwanjani saa ilikwenda, na aliyefaidi ni yule anayejikokota kwenda kwenye skramu. Kusimama au kutosimama hakukuwa kiini. Kiini ni nani amesababisha pumziko, na nani analipia.

Waaustralia walilijibu swali hilo mwaka 2016, mzee akiwa kaburini kitambo. Waliweka saa ya pili: sekunde 35 za kujipanga kwa skramu, sekunde 30 za kuanzisha mpira kutoka mstari wa goli, na timu inayochelewa inaadhibiwa. Uingereza ikafuata mwaka 2019. Huko Australia walijua uzito wa sekunde. Katika fainali ya mwaka 1997 Newcastle na Manly walikuwa sare 16 kwa 16, na Darren Albert akafunga zikiwa zimebaki sekunde chache tu. Timu moja ingefunga kamba za viatu, historia isingemjua.

Ningepewa mimi filimbi, ningeisimamisha saa kwa majeruhi, na pia baada ya kufunga hadi mkwaju upigwe, ili mpigaji atulie bila kumwibia mtu. Kwingineko ningeiacha iende, kwa sharti la ile saa ya pili. Mzee angenipinga kuhusu skramu. Angesema sekunde 35 ni nyingi.

Nilirudi Dar es Salaam mwaka 1986, nikapewa cheo kidogo kiwanda kile kile. Nikaomba daftari liongezwe safu moja, ya kuandika kilichosimamisha mtambo. Ikaongezwa. Mwezi wa kwanza safu nzima ilijaa neno moja, umeme, kutoka juu hadi chini. Mhasibu aliendelea kukata vilevile hadi mwaka uliofuata, ndipo viongozi wa wafanyakazi walipolichukua daftari hilo mezani kwake. Dada yule alikuwa ameacha kazi zamani. Niliambiwa anauza vitumbua Manzese, nikaenda Jumamosi mbili kumtafuta, nisimwone.