Uhuru na Kazi: Kutoka Makuli wa Dar es Salaam hadi Roboti za Port Botany

Kila tarehe 9 Desemba tunawakumbuka wazee waliotuletea Uhuru. Tunaitaja TANU, tunamtaja Baba wa Taifa, tunautaja Mwenge uliowashwa juu ya Mlima Kilimanjaro mwaka 1961. Mara chache tunawataja makuli wa bandari ya Dar es Salaam. Makala hii ni ya kuwakumbuka wao. Ni ya watoto wetu wa hapa Sydney pia, kwa sababu jambo ambalo makuli wale walilipigania limerudi tena katika maghala ya magharibi mwa mji huu, ambako wengi wetu tunapata riziki.

Jambo lenyewe ni hili: ni nani anayeijua kesho ya mfanyakazi?

Upepo wa nahodha, kikaratasi cha kibarua

Kukisia ya kesho si kazi iliyoanza na kompyuta. Manahodha wa pwani yetu walijua kwamba kaskazi ikianza kuvuma mwezi wa Desemba, majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi yangeingia Unguja, Mombasa na Lamu. Kusi ikishika baada ya masika, yangerudi makwao. Mfanyabiashara aliagiza, akajaza ghala na akakopesha kwa kufuata kalenda hiyo ya upepo.

Lakini aliyebeba mzigo mgongoni hakuwa na kalenda. Hamali aliamka alfajiri, akaenda forodhani, akapata kazi au akakosa. Hata neno letu kibarua lina historia hiyo ndani yake. Ni barua ndogo, yaani kikaratasi alichopewa mtu aliyefanya kazi ya kutwa, na katika karne ya 19 mara nyingi mtu huyo alikuwa mtumwa aliyekodishwa na bwana wake. Kikaratasi kilithibitisha kazi ya leo tu. Kuhusu kesho hakikusema kitu.

Mgomo wa mwaka 1947

Kabla ya gati za kina kirefu kukamilika Dar es Salaam mwaka 1956, meli kubwa zilitia nanga katikati ya bandari. Shehena ilishushwa kwenye matishari, matishari yakavutwa hadi pwani, kisha watu wakaibeba. Mkonge, pamba na kahawa vilitoka nchini kwa njia hiyohiyo. Makuli wengi walikuwa watu wa kutwa. Meli zikifuatana, walihitajika kwa mamia. Zisipokuja, hapakuwa na posho. Kampuni zilikuwa na ratiba ya meli, ila kuli alijua asubuhi ileile, mnyapara alipomnyooshea kidole au alipompita.

Makuli wa Dar es Salaam waligoma mwezi wa Julai 1939. Tarehe 6 Septemba 1947 wakagoma tena, na safari hii mgomo haukubaki bandarini. Wafanyakazi wengine wa mji waliuunga mkono, kisha ukafuata reli ya kati kuingia bara. Makuli walipata nyongeza kubwa ya ujira na wakawa na chama chao. Abdulwahid Sykes, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa waasisi wa TANU tarehe 7 Julai 1954, aliwahi kuwa katibu wa chama hicho. Mwaka 1950 mgomo mwingine uliishia kwenye ghasia, na serikali ya kikoloni ikakifuta chama. Hata hivyo mbegu ilikuwa imeshapandwa. Mwaka 1955 lilianzishwa shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Tanganyika, TFL, na katibu wake mkuu, Rashidi Kawawa, akawa Waziri Mkuu wa nchi huru mwezi wa Januari 1962.

Jirani zetu wa Mombasa walipita njia hiyohiyo. Mwezi wa Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waligoma mji mzima. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa mwezi wa Agosti na kupelekwa kizuizini Baringo. Mwaka 1955 makuli wa Mombasa waligoma tena, na kijana Tom Mboya akaenda kuwasemea.

Katika miaka ya 1950 waajiri na serikali walianza kuwaandikisha makuli, ili kazi igawiwe kwa watu wanaojulikana na siyo kwa yeyote aliyefika langoni. Uandikishaji huo ulikuwa na pande mbili. Ulimpa mtu uhakika wa siku za kazi, na wakati huohuo ulimpa mwajiri orodha ya majina na namba, hivyo akaweza kumfuatilia mtu na kumwondoa. Tuikumbuke orodha hiyo, maana tutakutana nayo tena mbele.

Maili ya Njaa

Watoto wetu wanaotembea Barangaroo siku za Jumapili huenda hawajui kwamba eneo lile lilikuwa bandari. Barabara ya Hickson, kati ya gati na gati, wafanyakazi waliiita Hungry Mile, yaani Maili ya Njaa. Wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930, wanaume waliitembea tangu asubuhi wakitafuta kazi ya siku. Mnyapara wa kizungu alisimama mbele yao kama yule wa Dar es Salaam, akachagua wenye misuli na wasio na maneno mengi. Waliobaki walirudi nyumbani mikono mitupu.

Makuli wa Sydney na wa Dar es Salaam hawakujuana, na sheria za ubaguzi za wakati ule zisingewaruhusu kukaa meza moja. Hata hivyo walidai kitu kimoja. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Australia ilianza kugawa kazi ya bandarini kwa zamu, badala ya kumwachia mnyapara achague. Mwaka 1967 makuli wa bandari kubwa za nchi hii wakaanza kuajiriwa kwa kudumu. Sasa mtu aliweza kujua Jumatatu kama Ijumaa ana mshahara, na aliyejua hivyo aliweza kupanga nyumba na kulipa ada ya mtoto.

Sanduku la chuma

Ushindi huo ulikuja wakati kazi yenyewe inabadilika. Tarehe 26 Aprili 1956 meli Ideal X iliondoka Newark, Marekani, kwenda Houston ikiwa na makontena 58. Aliyebuni biashara hiyo, Malcom McLean, alikuwa mtu wa malori. Aliona kwamba gharama kubwa haikuwa bahari, bali kule kupakia na kupakua gunia moja moja. Sanduku la chuma lilipofika Australia mwishoni mwa miaka ya 1960, kazi ya watu wengi ikawa ya watu wachache na kreni. Shughuli ya makontena ya Sydney ikahamia Port Botany, iliyofunguliwa mwaka 1979.

Usiku wa tarehe 7 Aprili 1998 kampuni ya Patrick iliwaachisha kazi makuli wake wote wa nchi nzima, wapatao 1,400, na walinzi wenye mbwa wakashika malango. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Australia, na tarehe 4 Mei wafanyakazi wakapata haki ya kurudi. Walirudi, lakini katika makubaliano yaliyofuata mamia waliondoka kwa malipo ya kuachishwa.

Gari lisilo na dereva

Wakati huohuo, katika Chuo Kikuu cha Sydney, wataalamu wa roboti wakiongozwa na Profesa Hugh Durrant-Whyte walikuwa wakishirikiana na kampuni hiyo kutengeneza gari la kubeba makontena bila dereva. Ni gari refu, miguu yake imetanuka kama twiga anayekunywa maji. Linalipita kontena kwa juu, linaliinua katikati ya miguu na kwenda nalo. Linajua lilipo kwa rada na setilaiti, nalo hufanya kazi usiku bila taa. Magari hayo yalianza kazi Brisbane mwaka 2005. Mwaka 2015 yakaanza Port Botany, na zaidi ya watu 200 wakapoteza kazi zao hapo.

Gari hilo ni mikono tu. Akili iko kwenye programu inayopanga kazi ya uwanja mzima. Dereva wa lori huweka miadi kabla ya kuja bandarini, kwa hiyo kompyuta inajua ni kontena gani litatakiwa na saa ngapi. Usiku, kukiwa kimya, inayapanga upya masanduku ili lile la kesho asubuhi lisiwe limefukiwa chini ya mengine manne. Kosa la kupanga linagharimu dakika, na dakika ni fedha.

Huo ndio ule ujuzi wa nahodha wa kusoma kesho, ila sasa unapimwa kwa dakika badala ya misimu. Nao haukuleta uhakika kwa kila mtu. Mwezi wa Agosti 2015 kampuni nyingine ya Port Botany, Hutchison, iliwaachisha kazi karibu watu 100 wa Sydney na Brisbane, na wengi walipata habari usiku kwa ujumbe wa simu na barua pepe. Kontena lilikuwa na miadi yake. Mtu hakuwa nayo.

Maghala tunayoyajua

Kutoka bandarini sanduku linakwenda magharibi: Eastern Creek, Moorebank, Kemps Creek. Huko ndiko wengi wetu tulikoanzia maisha ya Australia, na wengine bado tuko huko. Mwaka 2022 Amazon ilifungua Kemps Creek ghala kubwa ambamo roboti hubeba rafu na kumletea mfanyakazi aliyesimama mahali pamoja. Coles nayo ilijenga ghala la mitambo hapohapo Kemps Creek. Kabla yake, ghala lake la Smeaton Grange, lililopangwa kufungwa, lilikuwa na mgogoro: tangu Novemba 2020 wafanyakazi wapatao 350 walifungiwa nje kwa muda wa miezi mitatu, wakidai masharti bora ya kuondoka.

Programu za maghala haya hutazama yaliyonunuliwa miaka iliyopita, sikukuu zinazokuja, hata hali ya hewa, kisha hukisia yatakayoagizwa wiki ijayo. Joto likitabiriwa, maji na barafu husogezwa karibu na mlango mapema. Makisio hayohayo hutumika kuhesabu watu. Kompyuta inaona kwamba Alhamisi watahitajika wapakiaji 60 na Ijumaa 35. Ujumbe unaingia kwenye simu za watu wa wakala wa ajira: wengine njooni, wengine subirini.

Hapa ndipo historia inapotugusa. Kuli wa mwaka 1947 hakuijua kesho, na mnyapara naye alijua kidogo tu. Leo kampuni inaijua kesho kuliko wakati wowote katika historia ya biashara, ilhali kibarua wa ghalani anaweza kukaa na simu mkononi kama mtu wa Maili ya Njaa. Ile orodha ya majina na namba imo sasa ndani ya kompyuta, pamoja na kasi ya kila mkono.

Tusiilaani mashine. Mzigo wa kilo 90 mgongoni haukuwa heshima kwa mtu yeyote, na wazee wetu walizeeka mapema kwa ajili yake. Roboti inayobeba rafu imeokoa viuno vingi. Swali ni faida ya kuijua kesho inagawiwa vipi. Ikiwa kompyuta inaweza kumwambia dereva wa lori saa yake siku mbili kabla, inaweza pia kumwambia mama wa watoto watatu shifti zake wiki mbili kabla. Ratiba ya zamu ni uamuzi wa watu, na uamuzi wa watu unaweza kujadiliwa.

Yaliyo mikononi mwetu

Tangu tarehe 26 Agosti 2024 sheria ya Australia inampa kibarua nafasi ambayo makuli wa zamani waliililia. Ukishafanya kazi kwa mwajiri mmoja kwa miezi 6, au miezi 12 kama mahali pana wafanyakazi wasiozidi 14, na kazi yako kwa kweli imekuwa ya kudumu, unaweza kumwandikia mwajiri kwamba unataka kuwa mwajiriwa wa kudumu. Naye anapaswa kukujibu kwa maandishi ndani ya siku 21. Utapoteza ile nyongeza ya asilimia 25 wanayolipwa vibarua, lakini utapata likizo ya malipo, siku za ugonjwa na saa zinazojulikana. Kila familia ipime kwa hali yake. Asiyejua kuandika barua hiyo kwa Kiingereza amwombe mwenzake katika jumuiya, maana kwa ajili hiyo tuna jumuiya.

Kwenu wanetu: roboti za Port Botany zilizaliwa katika chuo kikuu kilicho mwendo mfupi kwa treni kutoka mnakoishi. Kuna nafasi yenu kwenye meza ya wanaoandika programu hizo. Mkiifikia, kumbukeni kwamba kila hesabu ya watu 60 na watu 35 ina akina mama na akina baba ndani yake, na baadhi yao ndio waliowalea.

Na tusidhani mambo haya ni ya Sydney tu. DP World, inayoendesha gati za makontena hapa Port Botany, ilitia saini mwezi wa Oktoba 2023 mkataba wa kuendesha sehemu ya bandari ya Dar es Salaam. Yanayoamuliwa huku kuhusu mashine na mtu yanaweza kufika nyumbani, na ya nyumbani yanaweza kufika huku.

Baada ya kupata Uhuru, kauli ya nchi yetu ilikuwa Uhuru na Kazi. Makuli wa 1947 walikuwa wameshaonyesha kwamba maneno hayo mawili hayatengani. Tuwataje nao tunapowataja wazee wetu mwaka huu.

Heri ya Sikukuu ya Uhuru.