Afande, WP na Dawati la Chang'ombe

Neno la Kiswahili la heshima kwa polisi, afande, halibagui mwanamke na mwanamume. Namba ya Jeshi la Polisi Tanzania ndiyo inayobagua: ya mwanamume huanza na herufi kama F au G, ya mwanamke huanza na WP. Kati ya neno hilo na namba hiyo ndipo ilipo safari ya askari wa kike.

Mama wa Mbagala aliyepigwa na mumewe huingia Kituo cha Chang'ombe, Temeke, kwa geti lileile la aliyeibiwa simu. Waliokaa nje hawajui kilichomleta. Ndani huelekezwa Dawati la Jinsia na Watoto, ambako mara nyingi humkuta askari wa kike, na akiwa na majeraha hupewa fomu ya polisi, PF3, aende nayo hospitali. Sitiri hiyo ya geti moja ina thamani kubwa uswahilini.

India, badala ya dawati, ilijenga nyumba ya peke yake. Mwaka 1973, huko Kozhikode, kilifunguliwa kituo kizima cha polisi wanawake. São Paulo, Brazil, ikafungua chake mwaka 1985, kikiongozwa na Rosmary Corrêa. Mkuu wa kituo kule Brazil, delegada, ni mwanasheria anayeongoza upelelezi. Dawati letu ni chumba ndani ya kituo chenye mkuu wake. Mamlaka ya vituo vyao ni makubwa zaidi. Hata hivyo, India wamekuwepo wanaolalamika kwamba vituo vya kawaida hupata kisingizio cha kumfukuza mlalamikaji: nenda kwa wanawake wenzako.

Dawati lina hatari nyingine, na hii humwangukia askari mwenyewe. Usikivu wake huchukuliwa kuwa tabia ya kike, kumbe ni ujuzi wa upelelezi unaostahili kuhesabiwa katika kupandisha vyeo.

Kenya ilianzia kwenye cheo. Katiba ya 2010 inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa, na chini yake Grace Kaindi alifika kuwa Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi. Tanzania ilianzia kwenye mshikamano: Mtandao wa Polisi Wanawake, wa mwaka 2007. Kanuni huamrisha, mtandao hulea. Naona tunahitaji vyote viwili.

Nawaomba wanaopandisha vyeo: kesi ya ubakaji iliyopelelezwa vyema dawatini, tangu PF3 hadi hukumu, ihesabiwe sawa na kesi ya ujambazi, faili la WP linapofika mezani kwenu.