Mafiati: Historia Fupi ya Magari ya Nyanda za Juu Kusini

Ukitaja kupe Iringa au Mbeya, msikilizaji wako anafikiria ng'ombe na josho. Marekani, miaka ya 1940 na 1950, kupe lilikuwa jina la gari: milango miwili, paa fupi linaloteremka nyuma, bodi pana, injini kubwa. Chevrolet peke yake ilitoa kupe za kila bei, na mwaka 1950 ikatoa Bel Air, ambayo ukishusha vioo huoni nguzo katikati ya madirisha. Kwao ziliuzwa kama njugu. Kwetu hazikuota mizizi.

Sababu ya kwanza ni njia. Oktoba 1925 Lord Delamere, kiongozi wa walowezi wa Kenya, alipowakutanisha walowezi wa nchi hiyo, Tanganyika, Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland huko Tukuyu, nyanda hizi zilikuwa mbali na reli yoyote. Kituo cha karibu cha Iringa kilikuwa Dodoma, zaidi ya kilomita 250 kwa barabara ya udongo. Mbeya ilizaliwa 1927, ikinyonya dhahabu ya Lupa kule Chunya, na kila kilichohitajika machimboni kilifika kwa lori. Shirika la reli lenyewe lilikubali yaishe, likaweka mabasi na malori yake kutoka Dodoma kupita Iringa hadi Mbeya. Treni ilikoma, safari iliendelea na vumbi.

Jina la Marekani lilipita hapa, ila lilikuja limevaa magwanda. Mwaka 1940 misafara ya jeshi la Afrika Kusini ilipanda barabara hii kwenda Kenya kupigana na Waitaliano wa Ethiopia. Malori yake mengi yalikuwa Ford na Chevrolet, yaliyounganishwa Port Elizabeth na kuwekewa usukani upande wa kulia.

Vita vilipokwisha, sababu ya pili ikajitokeza: dola. Uingereza ilikuwa hoi kifedha, na makoloni yake yalibanwa yasinunue Marekani kile kilichopatikana kwa pauni. Hivyo Land Rover, iliyozinduliwa 1948, ikapata uwanja mpana, na baadaye Peugeot 403 na 404 zikaingia kwa sifa ya uvumilivu. Kupe ya Kimarekani ilitengenezewa lami. Kwenye udongo mwekundu wa masika, malori huchimba mifereji miwili na kuacha tuta katikati. Gari la chini hukalia tumbo, matairi yakazunguka hewani.

Wamarekani walijaribu bahati yao kwenye Mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, yaliyoanza 1953. Mwaka 1964 kilikuja kikosi cha Mercury Comet, magari yenye injini za silinda nane. Walioanza walikuwa 94, waliomaliza 21. Comet mbili tu zilifika, ya 18 na ya 21, na ushindi ukaenda kwa Peter Hughes na Ford Cortina ya Uingereza. Mwaka uliofuata Joginder Singh na mdogo wake Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Itazame picha yake: milango miwili, mgongo wa mviringo, sura ileile ya magari ya Marekani ya miaka ya 1940. Umbo lile liliweza matope, ila kwa mikono ya Waswidi.

Kisha ikaja tarehe 11 Novemba 1965. Waziri Mkuu Ian Smith aliitangazia Rhodesia uhuru, na Zambia, huru kwa mwaka mmoja tu, ikajikuta mafuta yake, yaliyopitia Rhodesia, yamekatwa. Mojawapo ya njia zilizobaki ilikuwa hii yetu. Mapipa ya petroli yalitoka Dar es Salaam kwenda Tunduma mpakani, shaba ikarudi. Madereva wa kigeni waliibatiza Njia ya Jehanamu. Kwenye mlima wa Kitonga lori lilipanda kwa gia ya kwanza, utingo akitembea kando ya tairi la nyuma na kigogo mkononi. Injini ikisita, anakisukuma chini ya tairi, anaruka pembeni. Kigogo kikiteleza, bonde liko chini.

Mwaka 1966 Tanzania na Zambia, pamoja na kampuni ya Kiitalia, ziliunda shirika la usafirishaji lililotumia malori ya Fiat na matela yake. Bomba la mafuta la TAZAMA lilifunguliwa 1968. Lami ilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa fedha za Marekani, Benki ya Dunia na Sweden, wakati Wachina wakitandaza reli ya TAZARA jirani, iliyokamilika 1975. Kwa hiyo Marekani iliyoshindwa kutuuzia gari ilisaidia kutujengea barabara, na lami ile ingelifaa kabisa kupe. Lakini enzi za kupe zile zilikuwa zimekwisha kupita.

Leo panda daladala Mbeya, uelekee Mwanjelwa. Konda atapaza sauti, "Mafiati, Mafiati!" Wenyeji husema jina limetokana na yale malori ya Fiat. Gari lililobeba mzigo ndilo lililopewa kituo.